Hesabu ya Skegness

Watoto saba, watu wazima watatu,
gari la kukodi linalonuka mbwa wa mtu mwingine.
Tumeiacha Leicester alfajiri, barafu ingali kwenye vioo,
chapati arubaini ndani ya foili, chupa mbili za chai ya tangawizi,
na mama mkwe wangu, Bi Zuwena, kiti cha mbele, mkoba mapajani,
kila mzunguko wa barabara anauliza: "Ndipo hapa?"
Sipo. Hapa ni Newark.
Hapa ni Sleaford.
Hapa ni pale Raiyan alipotapika.

Wanne nimewazaa, watatu ni wa dada yangu Ridhiwa
anayekesha na wagonjwa na kulala mchana,
lakini safarini hakuna wa kuzaa wala wa kulea,
kuna vichwa tu.
Kimoja, viwili, vitatu.
Nahesabu kwenye kituo cha mafuta, nahesabu mlango wa choo,
nahesabu hata usingizini, kama mwenye duka asiyemwamini mtumishi.

Langoni, bei imeandikwa kwa rangi za peremende.
Tiketi ya familia: watu wanne.
"Wanne?" Bi Zuwena kauliza. "Wengine wamekufa?"
Shaame kafungua pochi, kaifunga, kaifungua tena.
Tukanunua familia mbili na nusu.

Mbele ya treni ya kupinduka kasimama dubu wa mbao, mkono kaunyoosha.
Asiyefika mkono wa dubu hapandi.
Mudrik kapungukiwa vidole viwili.
Nasriya alishamjazia soksi kwenye visigino,
mtoto anatembea kama bata aliyevaa viatu vya harusi,
na bado, vidole viwili.
Kijana wa getini, uso umejaa madoa mekundu,
akamwambia pole,
pole ile isiyopoza kitu.

Wenzake wakapaa wakipiga mayowe.
Mimi nikabaki kwenye benchi, jaketi sita mapajani,
miwani ya Ilham, jino la Hilal ndani ya karatasi.
Mimi ni kabati.
Mvua ya huku hainyeshi, inanuna tu,
inakukalia begani mpaka ukae kimya nayo.

Wakashuka. Nikahesabu.
Vinane.
Nikarudia kwa kugusa: vinane.
Cha nane kina nywele za rangi ya karoti
na mdomo umejaa chapati yetu.
Hakuna aliyemwita; kaona foleni ya chakula, kapanga.
Kabla sijapata neno, mwanamke akatokea anakimbia,
koti wazi, midomo inakwenda bila sauti,
nikaijua ile dua, naisoma kila siku:
nne, tano, nne, tano.
Alimkumbatia mwanawe kwa hasira.
Nikampa chapati mbili, akazipokea kama risiti.

Mudrik alikuwa bado anamtazama dubu.
Bi Zuwena akainuka, goti likalia, akamshika mkono:
"Twende kwenye lile gurudumu la wazee.
Pale hawapimi mtu."
Wakapanda, buibui limekunjwa chini ya paja,
pole pole, mpaka wakawa kama vifungo viwili vya shati.
Juu kabisa gurudumu likasimama.
Nikamwona ananyoosha kidole chini, kimoja kimoja,
huku Mudrik anaitikia kwa kichwa.

Aliposhuka akanijia, shavu baridi, macho yanachekelea.
"Wanane," kasema.
Moyo ukaniruka. Kuna wa watu tena?
Nikageuka: Nasriya, Ilham, Hilal, Raiyan,
Thuwaiba, Sabra na fimbo ya pipi, baba yao...
"Saba, Mama."
"Wanane. Nimekutia na wewe."

Usiku, barabara ya kurudi, wote wamelala wamepandana.
Nikahesabu viatu, kwa kuwa vichwa vimefichwa na mablanketi:
kumi na tatu.
Cha Mudrik, cha soksi, kimebaki kwa dubu.
Shaame akauliza turudi?
Nikamwambia, endesha.