Ufunguo Ulihamia Mbinga

Kiwandani kwetu, kando ya reli ya Moshi,
kuna sanduku la maoni la mninga,
limepigwa vanishi, lina kufuli la shaba.
Ufunguo alikuwa nao Bwana Mremi wa utumishi.
Mremi alihamishiwa Mbinga,
ufunguo ukahama naye ndani ya suruali ya kaki.
Miaka sita tunatia karatasi humo
kama watu wanaomlisha ng'ombe aliyechorwa ukutani.

Ndelilio alikaa meza moja nami, idara ya unyevu.
Kazi yetu ilikuwa kungoja mashine, rika la mama yangu,
iseme kahawa imekauka au bado,
malori yamepanga foleni hadi kwa mafundi baiskeli.
Aikande wa uchambuzi hakungoja. Aling'ata punje,
akatazama dari: "Kumi na mbili, kasoro kidogo."
Mashine ilipoamka, ilimkubalia.

"Tuwe na kidude cha mkononi," alisema Ndelilio.
Wakamwambia ajaze fomu.
Fomu ikapanda ngazi, ikashuka na mhuri,
ikapanda tena kwa kuwa mhuri ulikuwa wa bluu.
Kikao kikakaa. Chai, sambusa, posho.
Kikazaa kikao kidogo cha kukichunguza.
Ndelilio akaacha kazi siku ya Jumanne,
akabeba kikombe chake, na feni yangu
ambayo mpaka leo hajairudisha.

Akapanga chumba Pasua, nyuma ya cherehani za Mama Kunda.
Watu watatu, meza moja, deni.
Nilikwenda Jumamosi nikaona mambo yao:
wazo la saa nne linaungwa waya saa sita,
saa tisa linafuka moshi,
saa kumi wanalicheka na kulifumua upya.
Hakuna wa kumwomba ruhusa.
Wala hakuna wa kumwomba mshahara:
Eliakunda, fundi wao, alikula parachichi wiki nzima
akisema ni lishe.
Kidude cha kumi na saba kiliposoma sawa
walipiga kelele hadi cherehani zikanyamaza.

Lakini nisiwapambe.
Kidude hicho kilipima magunia tisa ya mjomba wake wa Uru, basi.
Kwetu, kitu kikishapita mlangoni (kazi ni kupita!)
kinafika Kibosho, Marangu, Rombo, msimu mmoja,
kwa lori lenye mafuta,
na kikivunjika yupo wa kulipwa akitengeneze.

Mwezi uliopita mkuu mpya akaagiza kufuli likatwe.
Mende. Malalamiko ya choo. Na chini kabisa
mchoro wa Ndelilio, wa penseli, una doa la chai.
"Huyu yuko wapi?"
"Yuko Pasua, mkuu. Anauza."
Akataka arobaini, haraka.
Idara ya manunuzi ikadai kwanza
hesabu za kampuni hiyo za miaka mitatu.
Kampuni ina miezi kumi na minne.

Sasa barua ya kumsamehe sharti iko mezani kwangu,
inangoja sahihi ya nne.
Ndelilio kapiga simu mara mbili; kodi ya chumba ni Ijumaa.
Aikande kapita, katema punje kiganjani.
"Hii ya leo imezidi jua," kasema. "Bado mnangoja mashine?"

Tarishi anakunywa chai.
Nimechukua barua, napanda ngazi mwenyewe.
Wino niliobeba ni mweusi, na wa bluu pia,
maana sijui huko juu leo wanataka upi.