Kutoka Nyuma, Ukumbi wa Igoma

Ambakisye, nimekaa nyuma kabisa,
juu ya magunia ya mbegu za viazi,
na kutoka huku slaidi yako ni siafu wanahama.

Futa. Bakiza neno moja, bakajani,
halafu jani lile ulilolibana pembeni,
lililoungua,
lijaze ukuta.

Njano juu ya nyeupe liachie ua la pareto;
wewe andika kwa nyeusi, herufi nene.

Grafu ya mvua, mistari saba ya nini?
Chora mmoja, ule wa Machi.

Na usitugeuzie mgongo ukatusomea.
Sekela hakwenda shule,
lakini jani lilipopita, sekunde moja tu,
alisimama akauliza dawa bei gani.

Ukamwambia asubiri slaidi ya ishirini.