Mfuniko

Mwaka ule mimi sikuwa mkimbiaji.
Miguu yangu ilikuwa ya kubeba, nikapewa ndoo:
ndoo ya lita ishirini iliyowahi kuwa ya rangi ya ukuta,
sinia la mama yangu kwa mfuniko,
na amri moja. Usifunue mpaka filimbi ya mwisho.

Usoke, mwezi wa tisa.
Mabani ya tumbaku hayana moshi,
reli inameta hadi unaficha macho,
nyasi za uwanja wa shule zinavunjika
kama maganda ya karanga chini ya nyayo.
Mwalimu Lugiko aliliamini jua.
"Maji yanalegeza," alisema. "Mwanariadha ni mninga.
Nani amewahi kumwagilia mninga?"
Tukacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Kabula Shija, mita elfu tatu.
Mzunguko wa tatu jasho linamchirizika hadi kwenye soksi.
Wa tano jasho limekoma,
nami nikadhani ndiyo nguvu, nikadhani mwili umezoea.
Wa sita alinipita, midomo myeupe
kama aliyebugia unga wa muhogo,
akalitazama sinia.
Si mimi. Sinia.
Nilikuwa nimelikalia.

Hakuanguka kama wanavyoanguka watu.
Kwanza aliiacha chokaa,
akakimbia kuelekea relini, peke yake,
akikipungia mkono kitu ambacho sisi hatukukiona,
kisha magoti.
Tulimmwagia ndoo nzima,
lita ishirini, kichwani, kifuani, mchangani,
maji yaliyokuwepo pale tangu asubuhi.

Hakufa. Watu hupenda niwaambie alikufa,
hadithi inakaa vizuri zaidi.
Ana duka la vitenge Nzega, ana sauti kubwa,
ukimuuliza hakumbuki hata mzunguko wa pili.
Anayekumbuka ni aliyekalia sinia.

Sasa filimbi ni yangu.
Kila robo saa naipuliza,
hata kama mpira uko mdomoni mwa goli,
hata kama wazazi wananitukana kwa Kinyamwezi kizuri.
Kunyweni.
Mafunda manne, siyo kikombe kwa pupa, tumbo si gunia.
Aliyesema hana kiu aanze yeye:
kiu ni barua ya posta,
ikifika, mgonjwa ameshazidiwa.
Siku za mbio ndefu natia chumvi ya ncha ya vidole,
sukari, na ndimu za jirani (anajua, ananisamehe).
Wanasema kisima hakimfuati mwenye kiu.
Changu kinamfuata, kina mpini,
kinakimbia pembeni kikinichuruzikia mguuni.

Nawafundisha pia kutazama mkojo.
Wanaangua kicheko, wanaficha nyuso kwenye fulana.
Ukiwa kama maji ya ndimu, nenda kacheze.
Ukiwa kama asali ya mzingani, njoo ukae hapa karibu yangu,
asali yetu tunaisifu kote, ila siyo hiyo.

Leo jioni Mihayo,
miaka kumi na mmoja, winga wa kushoto, mdomo hauna breki,
amejimwagia kikombe kizima kichwani, kwa makusudi.
Nimenyamaza. Zamani ningehesabu.
Akapangusa macho, akanikazia:
"Na wewe, Mwalimu? Wako leo una rangi gani?"

Timu nzima kimya.
Nikajaribu kukumbuka.
Chai ya alfajiri, nusu kikombe, nimesimama mlangoni.
Baada ya hapo, filimbi tu.

Nikachukua kata.
Maji yalikuwa ya vuguvugu, na ladha kidogo ya plastiki.
Mihayo alikuwa amelikalia sinia,
miguu kanyoosha mbele,
akinihesabia mafunda.