Damu ya Mzee

Futa kwanza jicho la kamera, Mwanaidi,
kwa pindo la dera, si kwa kidole chenye mafuta ya mihogo.
Viatu vya Karume havitaki flashi.
Vitoe kibarazani saa mbili asubuhi,
kabla jua la Ilala halijaanza jeuri,
chini utandike gunia la sukari, upande mweupe.

Usivute kwa vidole. Sogea wewe. Piga magoti.
Kiatu nacho kina uso.

Halafu ndiyo kuhariri, na hapo ndipo nilipoponzeka.
Niliongeza mwanga, nikaongeza tena,
nikaipandisha rangi
mpaka kahawia iliyochoka ikawa damu ya mzee.
Mteja akaja toka Mbagala, boksi kwapani.
Hakufoka. Alikilaza kiatu juu ya simu yangu,
kiatu juu ya picha yake,
akasema: "Dada, mimi nililipia hiki cha chini."

Siku hizi mkwaruzo ndio naupiga kwanza,
karibu kabisa, hadi uzi uliofumuka uonekane.
Mwanga bado naongeza.
Kidogo tu,
kama chumvi ya mgonjwa wa presha.