Mlango wa Kimo cha Reino

Trekta lilishushwa Jumanne moja ya Septemba,
dogo, la rangi ya chungwa, matairi yake
bado yana vinyweleo vya mpira mpya.
Reino alisimama kibarazani na kikombe chake
wala hakushuka.
"Ekari nne," alisema. "Ekari nne, Ailma,
na tatu kati yake ni miti."

Mkopo ni wa miezi themanini na minne, bila riba.
Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
nikilipa la mwisho nitakuwa na miaka sabini na mitatu,
yeye themanini na mmoja.
Sikumsomea.

Wala sikumtajia Februari,
alivyopiga magoti njiani, koleo mkononi,
theluji ikimfika mbavuni,
nami dirishani nikidhani ameangusha funguo.
Hatua arobaini na moja kutoka mlangoni hadi kwake.
Huku Keweenaw theluji ya ziwani haipigi hodi.
Ikishafika, imehamia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu alikuja na lake,
pana, la chuma, limefungwa mbele kama taya.
Akalala chini ya turubai
hadi upepo wa Oktoba ulipolichana turubai,
na asubuhi yake Reino akatoka na futikamba
bila kuniambia aendako.

Wiki tatu. Nguzo za mwerezi, mbao za msonobari,
mabati ya kijani yaliyosalia kwa Hulda Kangas.
Bega lake la kushoto halipandi kupita sikio,
basi juu ya ngazi nilikuwa mimi,
na yeye chini, akinielekeza msumari
ambao nilikuwa nauona.
Tuligombania bawaba.
Tuligombania dirisha: "Trekta litatazama nini?"
Dirisha nililiweka.

Nyumba yetu inavuja juu ya jiko.
Banda halivuji.

Mlango hakuupimia trekta.
Alisimama pale penye uwazi, kofia kichwani,
akainua penseli juu ya kofia, akachora mstari.
"Hapa panatosha."
Sikuuliza panamtosha nani.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku.
Nilisafisha njia, nikarudi kwa madaha, kinyumenyume,
kisha kishindo.
Ule upinde wa chuma nyuma ya kiti,
wa kumkinga dereva trekta likibiringika,
ulikuwa umeing'ata boriti ya juu ya mlango
na kumega kipande cha ukubwa wa mkate.
Nikazima injini.
Reino alitokea na nguo za kulalia na buti,
akatazama boriti, akanitazama mimi,
akacheka hadi akashika nguzo.
Nilimwangalia kifua, si uso,
mpaka alipomaliza.

Tangu hapo ni desturi: shuka,
chomoa pini mbili, laza upinde, panda, ingia.
Kitu cha dola elfu kumi na tisa
kinainama kama mgeni mrefu
katika nyumba ya watu wafupi.
Boriti ile angeipandisha kwa asubuhi moja.
Hataki. Nami sijamwomba mara ya pili.

Leo nimeamshwa na mngurumo,
saa kumi na moja, giza bado.
Taa mbili zinakwenda hadi barabarani, zinarudi,
zinakwenda tena, hazirudi:
zimekata kona kwa Hulda, ambaye hakuomba.
Mtu aliyesema ekari nne.

Nimeteremka na kahawa yake.
Bandani, alama za matairi, harufu ya dizeli na utomvu,
panya aliyekwisha kujipatia kona,
na koleo lile la Februari
likining'inia karibu na mlango, usawa wa kiuno,
tayari.

Kahawa nimeiweka dirishani ipoe.
Nimeleta ngazi, nimepigilia msumari mwingine
juu kabisa, chini ya mabati,
na koleo nimelitundika huko,
bega lake lisikofika.