Lango Dogo

Mume wangu Wiebren ana malango mawili tu duniani,
la juu na la chini, na maji ya Friesland katikati.
Miaka thelathini na mmoja anazungusha gurudumu.
Tishari linapanda, tishari linashuka,
naye huteremsha kwa uzi, kama mvuvi asiye na ndoana,
kiatu cha mti cha mtoto,
nahodha atie humo sarafu za ushuru.

Watu humpenda kwa kuwa hana pupa.
Damu yake ndiyo yenye pupa.

Tuliijua Novemba, mjini Dokkum,
alipokwenda kung'olewa jino.
Daktari alimfunga mkanda mkononi, akapima,
akapima tena,
kisha akaenda kumwita mwenzake.
Mia na themanini na nane juu ya mia na nne.
"Lakini siumwi," alisema Wiebren, shavu limefura.
Presha haipigi hodi.
Baba yake ilimkuta palepale langoni,
kiganja kwenye gurudumu, nusu ya mdomo imeanguka,
tishari la viazi limekwama katikati ya kupanda.

Jeltsje mfamasia alichora nyuma ya risiti.
"Huu mshipa. Ukutani mwake mna misuli
iliyojiviringa kama pete.
Kila msuli una vilango, vidogo hata jicho halivioni,
na nje ya vilango kalsiamu inangoja zamu.
Vikifunguka, kalsiamu huingia,
msuli hukunja ngumi, pete hubana.
Damu ni ileile, njia ndiyo imekuwa finyu.
Wewe wa maji, unajua kinachofuata."
"Najua," alisema Wiebren.

"Kidonge hiki hukaa kwenye kilango.
Hakiking'oi, hakikipigilii misumari.
Hukifanya kizito kufunguka, basi.
Kalsiamu huingia kidogo,
ngumi hulegea kidogo,
njia hupanuka."

"Kwa hiyo nafunga ili nifungue?
Kwangu mimi lango likifungwa, maji hupanda."
"Kwako. Humu likifungwa lile dogo, presha hushuka."
Akanyamaza kama mtu aliyeambiwa
kuwa ufunguo wa nyumba yake, siku zote, huzungushwa kinyume.

Mimi niliuliza mifupa.
"Maziwa anywe. Mifupa haidaiwi kitu,
tunagusa mlango, hatugusi ghala.
Ila balungi, marufuku.
Huzuia mwili kukivunja kidonge,
kikarundikana, presha ikaporomoka."
Na mimi kila asubuhi nilikuwa nampa nusu, na sukari juu.
Zile peremende nyeusi za chumvi mfukoni mwa koti lake
nilizimwaga mwenyewe. Hakuuliza zilikokwenda.

Wiki ya tatu soksi zilimwachia mifereji miguuni.
Nilibonyeza kifundo kwa kidole gumba:
shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.
Jeltsje akampigia daktari, dozi ikapunguzwa,
kikaongezwa kidonge kingine, cheupe, chenye mstari katikati.

Halafu ikaja barua ya mkoa.
Kuanzia machipuko, malango yatafunguliwa kutoka Leeuwarden,
na mtu aliyeketi mbele ya skrini tisa.
Wiebren aliisoma amesimama.
Usiku ule nilimfunga mkanda mwenyewe, mkono ukinitetemeka:
mia na arobaini na mbili juu ya themanini na sita.
Nilishukuru. Kisha nikamsikia gizani
akipumua kama mtu aliye macho,
nikaona haya kwa kushukuru.

Siku ya mwisho lilipita tishari moja tu, la changarawe.
Aliteremsha kiatu.
Nahodha, Hylke, wanajuana tangu ujana,
alihangaika nacho muda mrefu,
na kilipopandishwa kilikuwa kimezibwa mdomo
na balungi kubwa, la manjano, zawadi ya kuagana.

Wiebren alilitazama.
Akainua mkono kumshukuru, akafunga lango la juu,
akasubiri maji yasimame.
Ndipo akanigeukia, akanipa.
"Kula wewe," alisema. "Mimi nina milango yangu."