A Yenye Ufa

Mteja wa Mwanjelwa alitaka herufi za kutisha,
za bango la mchezo: USIKU WA MIZIMU.
"Ziwe za kizamani," alisema, "zenye visigino na maua,
lakini ziwe zimeliwaliwa. Kama zimefukuliwa jana."

Kompyuta yangu inazo. Nilizijaribu.
Kila A imemeguka bega la kushoto,
kila A, palepale,
kama mapacha walioanguka ngazi moja siku moja.
Nani ataogopa kidonda kilichopigwa mhuri?

Basi nikateremka Tukuyu,
ukungu ukiwa bado haujaamua kama ni mvua,
nyumbani kwa Angolwisye Mwalukasa,
mpiga chapa aliyeuza mtambo, akabakiza kasha.
Alilivuta nyuma ya magunia ya viazi, akalipuliza.
Likatoka vumbi, na mende mmoja mzee.

Herufi za mbao, kubwa kama kiganja cha mtoto,
zimelala chali, zinasomeka kinyumenyume.

"Ulizikwaruza makusudi?"
Akacheka hadi akakohoa.
"Hii M iliangukiwa na mtambo tulipohama.
S hii, panya.
K, paa lilivuja, na mvua ya hapa unaijua,
ikishakaribishwa haiagi."

Kisha akazipanga A mezani, nane,
na hakuna iliyofanana na mwenzake:
moja haina mguu, moja tumbo limezama,
moja imelainika kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
"Hizi zimeliwa na TANZIA," alisema.
"Tanzia moja hula A mbili.
Na minada, na mikutano ya kahawa, na harambee.
Lugha yetu haifungui mdomo bila A."

Ya nane ilikuwa na ufa, juu hadi chini.
Sikuuliza.
"Hiyo niliikaza mno," akasema. "Ya mama Tusekile.
Niliipanga mwenyewe, usiku, nikakaza, nikakaza,
nadhani nilitaka isitoke."

Pembeni, katika vyumba vyao, zilikaa Q na X.
Wino haujawahi kuzigusa.
Visigino vikali, maua hayajapoteza jani,
miaka yote zikisikia wenzao wakiitwa.
Ndizo zilizonisimamisha nywele.
Nilifunika kasha kidogo upande ule.

Nililaza karatasi juu ya herufi, nikapitisha penseli:
U, S, I, zikainuka kijivu, moja moja,
kama watu wanaokuja barabarani asubuhi ya Rungwe
kabla hujawajua ni akina nani.

Bango lilihitaji A moja tu.
Nilipoinua macho kuchagua, mezani zilikuwa saba.
Mzee alikuwa dirishani, kanipa mgongo,
mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti la sufu.

Nikachukua ile isiyo na mguu.
Mteja ameipenda. Anasema inatisha.